Mlango Katika Ukuta wa Nakijwa

1

Nakijwa alikuwa juu ya jukwaa la waashi, akiupapasa ukuta kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe mwenye mimba, bintiye alipomwita kutoka chini. Hakugeuka. Asubuhi ilikuwa saa yake yeye na ukuta, na mji mzima wa Shengena ya Pili ulijua kwamba mama huyu hasalimiki mpaka amalize.

Na kusema haki, ulikuwa ukuta wa kujivunia. Ulianzia ubavu mmoja wa korongo ukaenda kushika ubavu wa pili, jiwe jekundu juu ya jiwe jekundu, umebeba paa la kioo lililofunika mashamba, shule, kanisa, msikiti na lile bwawa la maji ambalo wenyewe waliliita ndiva, kama wazee wao walivyokuwa wakiliita kule kwenye milima ya Upare, duniani. Ndani ya ukuta watu walipumua. Nje yake ilikuwa Mirihi. Vizazi vilivyotangulia vilikuwa vimeyeyusha barafu ya ncha za sayari hadi hewa ya nje ikaongezeka kiasi, mtu akaweza kutembea huko akiwa na barakoa na nguo nzito tu. Lakini ole wako uivue barakoa. Usingemaliza hata kumwita mwenzako.

Mawe yaliunganishwa kwa ulimbo hai, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho vilivyokula vumbi la Mirihi na kutema kitu kigumu kama kwato. Penye ufa palijiziba penyewe. Miji mingine ilijengewa kuta na mitambo, na mingine ililipia ujinga huo kwa roho za watu. Ukuta wa Shengena ulijengwa kwa mikono, kwa msaragambo: baragumu likilia, kila nyumba inatoa mtu, hakuna cha mwalimu wala cha mchungaji. Haukuwahi kuvuja hata pumzi ya mtoto. Haukuwa na mlango pia. Wageni walipouliza, wenyeji walicheka. Mlango wa nini? Mwenye safari ya nje apande ngazi mpaka kwenye kijumba cha paa, atokee huko juu mabegani mwa korongo. Kutoboa ukuta ule lilikuwa jambo ambalo hata walevi hawakulisema.

"Mama, shuka," Mbonea alisema tena.

"Sema, masikio ninayo."

"Shuka, mama. Si jambo la kupigiana kelele."

Nakijwa akashuka. Bintiye alikuwa ameegemea mkokoteni wa mawe, mkono mmoja juu ya tumbo, tumbo ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilisubiri kwa hamu kwa kuwa lilibeba mjukuu wa kwanza wa nyumba ile ya waashi. Alikuwa amevaa uso ule aliouvaa tangu utotoni kila alipokwisha kufanya jambo na sasa anakuja kuomba ruhusa.

"Mtoto ana damu ya nje," akasema.

Nakijwa alisikia, lakini aliomba arudiwe. Mbonea akarudia.

Damu ya nje lilikuwa jina la mtaani tu. Madaktari walikuwa na jina lao refu la kukunja ulimi. Mama mjamzito alipewa dawa mapema, dawa ikambadilisha mtoto damu, mapafu na ngozi, akakua akijua kuipumua hewa ya Mirihi kama ilivyo, baridi yake na sumu yake. Katika miji ya bonde la kusini walikwisha kuzaliwa watoto kadhaa wa namna hiyo, na habari zao zilikuwa zikifika: wanakimbia nje wakiwa vichwa wazi. Ila kila kitu kina gharama yake. Hewa nzito ya ndani, hii tamu ya kila siku, iliwaunguza mapafu. Mtoto wa damu ya nje akizaliwa chini ya paa hamalizi hata kilio chake cha kwanza.

"Nani kakuruhusu?"

"Mimi mtu mzima, mama. Na mume wangu tulikwenda pamoja."

"Na mtoto? Yeye mlimuuliza?"

Mbonea alimtazama mama yake usoni. "Wewe uliponizaa chini ya kioo, uliniuliza?"

Nakijwa aliwahi kushindana na baraza zima na kulishinda, lakini swali hilo lilimwacha kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo.

Ndipo Mbonea akasema alichokijia. Alitaka chumba. Chumba cha hewa nyembamba, kishikane na ukuta, chenye mlango wa kuingilia kutoka ndani na mlango wa kutokea nje. Yeye aingie na barakoa, azae humo, anyonyeshe humo, mtoto apumue hewa yake. Kwenye kijumba cha paa haiwezekani, kioo hakibebi uzito. Pa kufanyia ni hapa chini tu.

"Unataka nitoboe ukuta," Nakijwa alisema.

"Nataka upige baragumu. Watu watakuja ukiwaita wewe."

"Mpigaji hapigi kwa kazi ya nyumba yake. Unaijua mila."

"Naijua. Na daktari anasema iko dawa ya kurudisha, kama nitaimeza kabla mwezi huu haujakwisha. Mara nyingine inamrudisha mtoto, mara nyingine inaondoka naye. Chumba kisipojengwa nitaimeza. Sitamzaa afe mikononi mwangu. Nimekuja ujue, usije ukasema hukuambiwa."

Akaenda zake, akitembea kwa kuegemea nyuma kama wanavyotembea wajawazito. Nakijwa akabaki na mila yake. Ilikuwa kinga nzuri ile, na aibu yake ni kwamba aliifurahia, kwa kitambo kidogo tu, kabla hajajionea haya.

2

Mzee Kajiru alikuwa akichambua maharage kibarazani kwake, karibu na ndiva. Kwa miaka mingi huyu ndiye aliyekuwa mwiba wa Nakijwa barazani. Kila Nakijwa alipotaka ukuta usogezwe mbele, korongo lipanuke, shamba liongezeke, Kajiru alisimama na ile sauti yake ya puani: tulipewa korongo, tuishi na korongo, dunia hii haikutuomba tuifanye Upare. Kila mara alishindwa kwa kura, na kila mara alikuja kubeba mawe baragumu lilipolia. Hilo Nakijwa hakuwahi kumsifia, lakini hakuwahi kulisahau.

"Karibu, Mama Mbonea. Leo jua limechomoza upande gani?"

"Nina shida."

"Wewe? Ngoja nikae vizuri."

Nakijwa akafungua kanga aliyoikumbatia. Ndani yake lilikuwamo baragumu lenyewe, pembe ya tandala, nyeusi kwa kushikwa, pembe iliyovuka anga na mababu zao wakati mizigo mingine yote ilipimwa kwa gramu. Akaiweka juu ya kigoda, kati yake na sinia la maharage.

Kajiru aliacha kuchambua. "Unaniletea pembe au mtego?"

"Nakupa. Si kuazima. Mwenye kuiachia hairudii, unajua. Ukiwa nayo wewe, kazi ya nyumba yangu itaweza kuitiwa watu."

Akamweleza yote. Kajiru alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga mfungo mzima. Alipomaliza, mzee alichukua harage moja akaligeuza vidoleni.

"Watu watasema Kajiru kashinda. Kahubiri weee tuikubali Mirihi, leo hata mjukuu wa Nakijwa kaikubali." Akatikisa kichwa. "Lakini hamkunisikia vizuri ninyi. Nilisema sisi tuikubali. Sikusema tumgeuze mtoto tumboni ili aikubali kwa niaba yetu. Hiyo si kukubali, Mama Mbonea. Huo ni ukuta mwingine, mmeujenga ndani ya mtu."

Nakijwa alijisikia vibaya kuona mpinzani wake amelisema wazo lake mwenyewe, tena vizuri kuliko yeye.

"Hilo nimemwambia Mbonea."

"Akajibuje?"

"Akauliza kama nilimwomba ruhusa nilipomzaa chini ya kioo."

Kajiru alicheka mpaka maharage yakamwagika kutoka siniani. "Huyo hukumwokota, ulimzaa!" Kisha kicheko kikamwisha ghafla. "Wewe unaonaje? Wamefanya sawa?"

"Sijui, mzee wangu. Nikilala naona wamefanya jambo kubwa kuliko mawe yote niliyopandisha maisha yangu. Nikiamka naona wamemfanyia ubabe kiumbe ambaye hana hata meno ya kubishia. Nikingoja mpaka nijue, mtoto atakuwa amekwisha kufa."

"Na ukuta wako?"

"Ni wa watu wote."

"Usinidanganye mimi."

"Unaniuma," Nakijwa akasema, na macho yakamlowa bila kumwomba idhini. "Unaniuma kama jino. Chukua pembe kabla sijaghairi."

Mzee Kajiru aliichukua. Hakuipuliza, aliifunga tu katika kanga ileile kwa adabu, pembe aliyoitaka tangu ujana na aliyokuwa amekwisha kuikatia tamaa.

"Nitapiga," alisema. "Sijakubaliana nao hata kidogo, na nitasema hivyo barazani. Ila mtoto hana kosa. Sharti unalikumbuka?"

"Mwenye kazi hashiki zana."

"Anafanya nini?"

"Anapika."

"Anapika nini?"

"Makande, Mzee Kajiru! Ulitaka biriani?"

3

Kajiru hakujua kupuliza. Mlio wa kwanza ulitoka kama beberu aliyebanwa mlangoni, na vicheko vikasikika mpaka ng'ambo ya ndiva. Lakini watu walikuja. Walikuja na sululu, na vyuma vya kukwangulia, na watoto mgongoni. Wapo waliofunga milango yao wakasema hawatoboi ukuta wa Mungu kwa ajili ya mtoto wa dawa, na Kajiru akaagiza wasisemwe vibaya, maana hata yeye alikuwa na neno lake na alilitoa palepale, mbele ya wote, kisha akavua koti na kubeba jiwe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kwanza chumba kilijengwa chote, nusu ndani na nusu nje ya ukuta, kikazibwa, ili ukuta ukifunguka hewa ya mji isiponyoke. Wa nje walifanya kazi na barakoa, wakipokezana kila baridi ilipowashinda vidole. Hapo bado ilikuwa kazi ya kawaida. Taabu ilikuja kwenye kutoboa. Jiwe ukiling'oa, ulimbo hai unaona jeraha, nao unalikimbilia. Ukigeuka kufuta jasho, tundu ulilolifungua limeanza kuota utando. Mitambo haikufaa, ulimbo uliingia kwenye vyuma vyake ukaikamata. Ilitakiwa mikono, mingi, ya kukwangua bila kupumzika, wengine wakila wengine wakikwangua, mpaka mlango usimame.

Nakijwa alikuwa kwenye chungu. Amefunga kitambaa, ameshika mwiko mrefu kama kasia, na mahindi na maharage yakichemka mbele yake polepole kama kawaida yao. Alimwona kila aliyepita na sululu kuelekea kwenye ukuta wake. Jiwe la kwanza lilipotoka alilitambua, maana alikuwa amelichonga mwenyewe akiwa msichana, na alikaza macho kwenye chungu mpaka mlio wa kuanguka kwake ukaisha.

Kiongozi wa wakwanguaji alikuwa Nambike, mwashi kijana aliyefundishwa na Nakijwa tangu hajui kushika bilauri ya maji vizuri, seuze nyundo. Na Nakijwa, kutoka pale chunguni, akamwona Nambike anakosea. Siku zote alikuwa amewafundisha kukwangua kuanzia chini kwenda juu. Nambike alianzia juu. Vibaya zaidi, aliacha mkanda wa ulimbo kule juu, hakuugusa kabisa, ukawa unakua mbele ya macho ya watu.

Nakijwa akasimama, mwiko mkononi.

Mzee Kajiru alikuwa akipita na jiwe begani. Aliutazama ule mwiko, akamtazama mwenye mwiko, akaendelea na safari yake.

Ilikuwa vigumu kuketi. Kila kitu kilichokuwa ndani yake kilitaka kukimbia pale, kumpokonya Nambike chuma, kufanya kama inavyofanywa. Tundu likijifunga leo, kesho haliwezi kufunguliwa mahali palepale. Ulimbo uliokwisha kujeruhiwa hujifunga maradufu. Na mwezi ulikuwa unayoyoma. Mbonea alikuwa ameketi kwenye kivuli cha jukwaa na kichupa cha ile dawa ya kurudisha kiganjani, hakukificha. Alikuwa amekileta ili asidanganye mtu, kwanza yeye mwenyewe.

Nakijwa akaketi. Akakoroga. Akatazama.

Ulimbo ulishuka kutoka kwenye ule mkanda, ukafuata ukingo uliokwanguliwa, kushoto na kulia, ukitafuta pa kushika. Wakwanguaji wa Nambike walisafisha katikati tu, pembeni wakauacha. Na ulimbo, ulipokosa njia ya katikati, ukaanza kunenepa pembeni. Ulikuwa unajikunja upinde. Ulikuwa unaotesha fremu ya mlango wenyewe, imara kuliko chuma chochote ambacho wangeuchomekea. Ukuta ulikuwa umekubali kuwa na mlango, na uliukubali kwa nguvu zilezile ulizotumia kukataa.

Hakuna aliyewafundisha hilo. Nakijwa hakuwafundisha, kwa sababu hakulijua. Alikuwa ameishi na ule ukuta umri mzima akipigana na ulimbo kila alipotaka kuuelekeza, na hawa watoto waliokuwa wakimwogopa wakaja wakaupa tu njia. Fahari ilimpanda. Alilia, akalia sawasawa, bila kujifuta, juu ya chungu.

Chakula kilipopakuliwa, Nambike alionja akakunja uso. "Shikamoo mama, lakini makande ya leo yana chumvi."

"Marahaba. Kula unyamaze," Nakijwa akasema, na akamwongezea kijiko.

Mbonea alikuwa amesimama mbele ya upinde, akiupapasa kwa kiganja. Kisha akakifungua kile kichupa, akaimwaga dawa yote kwenye vumbi la mawe, na ulimbo ukainywa.

4

Miezi yake ilipotimia, Mbonea alizaa mchana, ndani ya chumba kile, akiwa na barakoa, amemshika mkono mumewe upande mmoja na mama yake upande wa pili. Mkunga alimpokea mtoto akamwinua. Alikuwa wa kike. Alikuwa kimya.

Waliokuwapo hawatausahau ukimya ule. Mume wa Mbonea alianza kuomba kwa sauti. Nakijwa aliutazama mlango wa ndani, kule ilikokuwa hewa tamu, na kwa mara ya kwanza maishani akaiona hewa hiyo kama adui. Mkunga alimsugua mtoto mgongo, akamgeuza, akamsugua tena. Ndipo kifua kidogo kikapanda, kikashuka, kikapanda. Alikuwa akilia tangu mwanzo, maskini. Sauti tu katika hewa ile haikuwa na mahali pa kukanyaga, ikawafikia nyembamba kama ya kifaranga ndani ya yai. Mkunga aliinama akasikiliza, akacheka ndani ya barakoa. Wakampa jina la Kianga.

Siku arobaini zilipotimia ilibidi mtoto atolewe nje, kama kawaida. Huko ndani, kutoa mtoto nje ilikuwa kumvusha kizingiti, kumwonyesha ua, kuku na majirani. Huyu nje yake ilikuwa nyingine. Mji mzima ulikuja kwenye dirisha la chumba, na hata baadhi ya wale waliofunga milango walionekana nyuma kabisa, wamesimama kwa vidole vya miguu ili waone. Mzee Kajiru alikuwa mbele na pembe yake. Alikwisha kujifunza kupuliza, kiasi.

Mbonea alimweka mtoto mikononi mwa mama yake. "Mtoe wewe," akasema. "Bibi ndiye anayetoa."

Nakijwa alikuwa na nguo nzito mpaka shingoni, glavu, buti na barakoa iliyomfunika nusu ya uso. Mtoto alikuwa na kanga moja. Mlango wa nje ukafunguliwa, baridi ikaingia, na bibi akavuka kizingiti akijua kwamba anafanya jambo ambalo akikosea hatajisamehe, na ambalo hata akipatia hatakuwa na hakika nalo. Siku moja Kianga atasimama upande huu, wao upande ule, na atauliza. Atakuwa na haki ya kuuliza. Nakijwa alijiapiza kwamba atakuwa hai siku hiyo, ajibu mwenyewe, asimwachie Mbonea.

Akaifunua ile kanga usoni mwa mtoto.

Upepo mwekundu ukampiga Kianga. Akakunja pua, akapiga chafya, akafungua macho. Akavuta pumzi ndefu ya hewa ile ambayo ilikuwa imewaua watu wazima na akili zao, akaitoa polepole, na uso wake ukatulia kama uso wa mtu aliyefika kwao. Nyuma ya kioo watu walikuwa wakipiga vigelegele ambavyo huku nje havikusikika.

Nakijwa alisimama akimtazama, fahari imemjaa. Alizaliwa katika korongo hili. Alilichimba, akalijengea, akalifunika, akalipigania, na siku zote alisema hapa ni kwetu. Lakini kati yao wawili ni mmoja tu aliyehitaji barakoa.

Akamwinamia mjukuu wake, na kwa sauti iliyokwama ndani ya barakoa akasema lile neno ambalo hajawahi kuliambia korongo hili tangu azaliwe.

"Hodi."